Mwaka Tuliomngojea Kiroboto

Bosco alirudi Kigali mwanzoni mwa mwaka huu, baada ya miaka thelathini na kitu ya kuishi ugenini. Jambo la kwanza aliloniambia, kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti cha sebuleni kwangu hapa Kicukiro, ni kwamba tulikuwa wajinga. Nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa na goti la kushoto halikunjiki tena, lakini mikono ni ileile, mirefu na isiyotulia, mikono ya fundi. "Mwamini," alisema, "nchi ilikuwa inawaka moto, na sisi tumekaa juu ya duka la vitambaa tunabishana habari ya prosesa. Watu wazima! Nikikumbuka naona haya." Nikamwambia mimi sioni haya hata kidogo. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwa sababu maneno hayo si yeye wa kwanza kuniletea. Wamekuja hapa vijana wa vyuo na wageni wenye vinasa sauti, wakaniuliza mwaka 1993 nilikuwa nahisi nini. Nikiwaambia kwamba tulikuwa tunangojea aina mpya ya kompyuta, wanatabasamu kwa adabu na kuacha kuandika. Wanataka niwaambie kwamba tuliamka kila siku tukiwa tumekwisha kufa nusu. Hapana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na kazi, na mwaka ule ulikuwa wangu. Nautaka wote, pamoja na kicheko chake.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza, mjini, si mbali na soko kuu. Ulipanda ngazi za saruji zilizolika katikati, ukasukuma mlango wenye kioo cha mawimbi, ukakutana na joto la mashine na harufu ya utepe wa wino. Pazia la buluu lilikuwa limefungwa daima kuzuia vumbi jekundu, kwa hiyo hata saa sita mchana tulifanya kazi katika mwanga wa herufi za kijani. Mashine zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za zamani, 286, na ndizo tulizopewa wapiga chapa. Ya tatu ilikuwa 386, iliyofunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa pembeni kama kitambaa cha mkate. Hiyo waliigusa watu wawili tu: Bosco, fundi wetu, na mwenye ofisi, Bwana Sylvestre, ambaye wote tulimwita Patron. Patron alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kufungua ofisi. Alivaa tai kila siku ya Mungu, na alikuwa na leso mbili, moja ya kufutia kioo cha kompyuta na moja ya pua, na hakuwahi kuzichanganya. Alikuwa mwema kwa namna yake. Lakini alikuwa na sheria moja iliyoniuma kuliko zote: mbele ya wateja ni Kifaransa au Kinyarwanda, Kiswahili marufuku. "Mademoiselle Mwamini," alikuwa akininong'oneza nikisahau, "hapa si Nyamirambo." Kwake, na kwa wengi wa wakati ule, Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva na wahuni, na sisi Waislamu wa Nyamirambo tulikuwa watu waliopita njia wakasahau kuondoka.

Saa kumi alasiri sheria hiyo ililegea. Saa hiyo ndipo alipopanda Saidi, fundi cherehani wa duka la chini, amebeba chupa ya chai ya tangawizi kwapani na chapati zilizofungwa kwenye karatasi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Ndipo pia Patron alipofungua droo na kutoa jarida. Lilikuwa jarida la kompyuta la Kifaransa alilotumiwa na binamu yake wa Brussels, na lilitufikia likiwa limechelewa miezi miwili, kurasa zimekunjika, wakati mwingine lina alama ya kikombe cha mtu tusiyemjua. Bosco alisoma kwa sauti kama anasoma barua ya posa. Prosesa mpya inakuja! Itakuwa na kasi mara mbili, hapana, mara tano ya 486. Na 486 yenyewe sisi tulikuwa hatujaiona ila kwenye picha. Siku moja, nadhani Februari, Bosco alikuwa anasoma kuhusu hiyo "puce", maana ndivyo Wafaransa wanavyokiita kile kipande kidogo kilicho ubongo wa mashine. Saidi, aliyewahi kusoma kidogo kwa mapadri, akaacha kumimina chai.

"Puce? Si kiroboto hiyo?"

"Ndiyo, neno ni moja," Bosco akasema.

"Yaani muda wote huu, watu na tai zenu, mnangojea kiroboto?"

Patron alicheka mpaka akachanganya leso, siku hiyo moja tu. Kuanzia siku hiyo hatukusema tena prosesa. Kiroboto atafika lini? Kiroboto atakula umeme kiasi gani? Bosco alisoma kwamba kitu hicho kinapata joto kali mno, na wengine wanasema unaweza kukaangia yai juu yake. Saidi akataka kujua basi kwa nini wasiweke kwenye pasi za mkaa, yeye angenunua wa kwanza. Tulibishana kama watu wanavyobishana juu ya mpira. Bosco aliapa kwamba mashine hiyo ikifika Kigali, mtu atabonyeza na kitabu kizima kitapangika kabla hajaondoa kidole. Patron, kwa uangalifu wake wa mwalimu, alisema kila kizazi kinaahidi hivyo, kisha watu wa programu wanakuja na programu nzito zaidi na tunarudi palepale. Mimi nilikaa pembeni na kikombe changu na kusikiliza. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mpiga chapa alihesabiwa kuwa sehemu ya kibodi.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya jina. Ilikuwepo 286, ikaja 386, ikaja 486. Bosco alisema mtoto mchanga anajua kinachofuata ni 586, na Patron, safari hii, alikubaliana naye. Hapo nikafungua mdomo. Nikasema haitakuwa namba, itakuwa jina. Waligeuka kunitazama kama kwamba printa imezungumza.

"Mashine haipewi jina, Mwamini," Bosco alisema. "Si mtoto."

"Muulize Saidi," nikasema. "Saidi, kuna mwanamke amewahi kuja dukani kwako akaomba kitenge namba fulani?"

Saidi akatikisa kichwa. "Hata siku moja. Wanasema nipe Shemeji Karibu. Nipe Jicho la Tausi."

"Na kiwanda kingine kikitoa kinachofanana?"

"Wanakataa. Wanataka Shemeji Karibu yenyewe."

"Basi. Namba kila mtu anaweza kuiandika. Hao wenye kiroboto wakitaka watu wasinunue cha jirani, watakipa jina."

Walinicheka, na Bosco alinicheka kuliko wote. Mwezi wa Mei jarida la Machi likafika. Bosco alifungua, akasoma kimya, akafunga, akalisukuma mezani kuelekea kwangu. Lilikuwa jina. Jina la kubuni lenye mlio wa Kigiriki, na jarida lilieleza sababu zilezile za vitenge, isipokuwa kwa maneno ya mawakili. Patron alisimama, akarekebisha tai, akanipa mkono mbele ya Saidi kama mwanafunzi aliyeshinda mtihani wa taifa. Bosco hakusema nami siku mbili. Sikumbuki furaha nyingine ya mwaka ule iliyonikaa mwilini hivyo. Najua ni nini kilikuwa nje ya pazia la buluu. Kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo askari alitazama kitambulisho chako kisha akakutazama uso. Kulikuwa na mabomu ya mkono yaliyotupwa sokoni, na redio, na jamaa waliokuwa wanaongea Arusha kuhusu amani huku hapa watu wakinunua mapanga kwa mafungu. Tulijua. Tulipanda ngazi asubuhi tukiwa tunajua, na saa kumi tukacheka juu ya kiroboto. Anayefikiri mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika mtu mmoja hajaishi mahali kama petu.

Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza alipokuja mteja yule. Alivaa suti nadhifu ya rangi ya majivu, na nyuma yake wanaume wawili walibeba makatoni manne. Sikujua alitoka ofisi gani, na Patron hakutuambia. Alitandaza fomu mezani: majina ya wakazi, mtaa kwa mtaa, umri, kazi, nyumba. Alitaka zote ziingizwe kwenye kompyuta kwa namna ambayo mtu anaweza kuzipanga kwa safu yoyote anayotaka. Patron akaeleza kwamba 386 yetu itachukua muda mrefu sana kupanga majina mengi hivyo. Mteja akatabasamu. Alisema watu wake wameshaagiza mashine mbili mpya kutoka Ulaya, zenye prosesa ileile mpya, na moja italetwa hapa kwa ajili ya kazi hii. Kazi ikiisha, itabaki hapa. Zawadi.

Nilimwona Bosco akikaa chini polepole. Patron alitoa leso na kuirudisha bila kuitumia. Mwaka mzima tulikuwa tumeongea juu ya kitu hiki kama watu wanavyoongea juu ya bahari wasiyoiona, na sasa mtu huyu alikuwa ameingia mlangoni na kusema kitakuja na kukaa juu ya meza ile pale, karibu na dirisha. "Tupeni mfano kwanza," mteja alisema. "Huyu binti aandike ukurasa mmoja nione." Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, Patron alikunja kile kitambaa cheupe na kunivutia kiti cha 386.

Niliandika jina, nikaandika umri, nikaandika kazi. Safu ya nne ilikuwa ya kabila, kama ilivyokuwa kwenye kitambulisho cha kila mtu siku zile. Katika mstari wa tatu nikamkuta mama aliyenifundisha kusuka nywele. Mstari wa saba alikuwa muuza maziwa wetu. Ulikuwa mtaa wangu. Vidole vilisimama vyenyewe.

"Iko nini, mademoiselle?" mteja akauliza.

"Safu ya nne ni ya nini?"

"Imeandikwa juu. Hujui kusoma?"

"Najua. Nauliza ni ya kufanyia nini."

Alimgeukia Patron akicheka. "Mwalimu, kumbe wafanyakazi wako wanauliza maswali?"

"Andika, Mwamini," Patron alisema, kwa sauti ndogo.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya Nyamirambo, sauti ya kuitana kutoka ng'ambo ya barabara: "Majina nimeandika. Umri nimeandika. Hiyo safu siiandiki. Watu hawa ni majirani zangu. Huyu mama hajawahi kuniuliza mimi ni nani, nami sitamuuliza kwa mashine."

Mteja hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikusanya ukurasa wake taratibu. "Mswahili ni Mswahili tu," alimwambia Patron kwa Kinyarwanda. "Hana lake nchi hii, ndiyo maana anaona mchezo. Tafuta mtu mwingine wa kuandika. Nitarudi Jumatatu. Makatoni nayaacha." Patron alimsindikiza mpaka chini, akarudi jasho likimtoka kwenye kola, akaniambia nichukue mkoba wangu na nisirudi. Nikamtazama Bosco. Bosco alikuwa anaitazama meza ya karibu na dirisha, mahali patupu. Hakunitazama. Nikashuka ngazi, nikapita mbele ya cherehani ya Saidi, na Saidi akaacha kushona akanisindikiza kwa miguu mpaka nyumbani, utepe wake wa kupimia bado shingoni.

Siku mbili nilikaa chumbani nikipika maharage na kuyaacha. Nilikuwa na hofu, sitakuficha; kila mlango uliogongwa uani nilidhani ni wangu. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kigumu, kama jiwe dogo ndani ya kiatu, na sikutaka kukitoa. Jumapili mchana aliyegonga mlango wangu alikuwa Patron. Bila tai. Sikuwa nimewahi kuona shingo yake. Alikaa kwenye kiti changu pekee, nami nikakaa kitandani, akanywa chai niliyompa na kuisifu tangawizi yake, akatazama ukuta.

"Makatoni nimerudisha," alisema hatimaye. Alikuwa anaongea Kiswahili, kibovu, cha kuchanganya r na l, lakini Kiswahili. "Nimemwambia ile mashine imekufa. Bosco ametoa vipande vya ndani, iko wazi mezani, kila mtu anaona imekufa."

"Na ile mashine mpya?"

"Haiji." Akameza chai. "Rudi kazini, Mwamini."

Nilijua anaomba radhi, ingawa neno lenyewe hakulitamka. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilisema nitarudi kwa sharti: sitakuwa mpiga chapa tu. Bosco anifundishe kufungua mashine na kuitengeneza, na 386 nitaigusa kama wao. Na saa za kazi nitaongea lugha ninayotaka. Patron akaweka kikombe chini. "Wewe una kichwa kigumu," alisema. "Yego, ndiyo, sawa."

Kwa hiyo Oktoba ile, Bosco akiwa amesimama nyuma yangu na kupumua kwa wasiwasi, niliondoa skrubu sita na kuinua kifuniko cha 386. Nilimwona kiroboto wake kwa macho yangu, kipande cheusi cha mraba, kidogo kuliko kibiriti, kimetulia katikati ya njia zake za dhahabu. Nilishangaa kwamba kitu cha aina ile iliyotufanya tupige kelele mwaka mzima hakikuwa na sauti yoyote. Kufikia Desemba niliweza kubadilisha diski, kusafisha viungio vilivyoshika kutu, kujua kwa harufu kama kifaa cha kugawa umeme kimeungua. Ujuzi huo umenilisha mpaka leo. Wasichana niliowafundisha kutengeneza kompyuta katika mji huu nimeacha kuwahesabu, na somo la kwanza ni lilelile: fungua, tazama, usiogope.

Yaliyofuata mwaka 1994 nimeyaandika mahali pengine, na sitayaingiza hapa kwa mlango wa nyuma. Niseme tu kwamba Patron aliuawa wiki ya kwanza. Saidi aliishi, akaficha watu darini kwake, akafa mzee kwa ugonjwa wa sukari. Bosco alivuka kwenda Bukavu, kisha mbali zaidi. Kama orodha ile iliandikwa kwenye mashine nyingine na mtu mwingine, sijui. Sikumwokoa yeyote ninayeweza kumtaja kwa jina. Nimejua hilo miaka yote, na bado ningesimama kutoka kwenye kile kiti.

Hayo nilikuwa namwambia Bosco sebuleni, kwa hasira, ili aache kuona haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akinyoosha goti lake. Kisha akasema kuna jambo sijui.

"Ulipoondoka ile Ijumaa, Jumamosi asubuhi nilikuja ofisini peke yangu," alisema. "Nilikaa kwenye kiti chako. Niliandika, Mwamini. Safu zote, hata ya nne. Nilitaka ile mashine. Nilijiambia ni majina tu, yameshaandikwa kwenye karatasi, mimi nayahamisha. Niliandika arobaini."

Nikavuta kiti changu karibu naye.

"Kisha nikafungua katoni la pili nione kazi iliyobaki, nikamkuta Sylvestre, Patron wetu. Jina lake, kazi yake, namba ya nyumba. Kwenye safu ya nne walikuwa wameandika kama ilivyo kwenye kitambulisho chake, kisha mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu, akaweka alama ya kuuliza, kama mtu asiyeamini. Nikaichukua ile karatasi nikampelekea nyumbani. Ndiyo maana alikuja kwako. Hakuja kwa sababu ya hotuba yako."

Miaka thelathini nilikuwa nimeamini kwamba maneno yangu yalimgeuza mzee yule. Nilihisi kitu kikiniporomoka kifuani, na nikangoja kifike mwisho. Haukuwa mbali. Nilimuuliza Bosco swali moja tu, kwamba kama mimi ningeendelea kuandika siku ile, yeye angekaa kwenye kiti kile kesho yake?

Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri fundi. "Hapana," alisema. "Ungeandika wewe. Ungelifikia jina lake ukaliandika kama mengine, na Patron asingejua kamwe."

"Na yale arobaini?"

"Nilifuta. Nikafuta tena mara ya pili, kwa sababu kompyuta ukifuta mara moja haijafuta. Kisha nikavunja disketi kwa nyundo ya Saidi ya vishikizo."

"Basi usiniambie tulikuwa wajinga," nikasema. "Mjinga angeipata ile mashine."

Bosco akafunika uso kwa ile mikono yake mirefu. Nilimwacha alie, kwa sababu alikuwa amechelewa sana kulia. Alipomaliza, akajipangusa na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichonunua tena, kama kile kiroboto chenye jina nilikuja kukiona hatimaye.

"Mwaka 1996," nikamwambia. "Nilitengeneza mashine yake. Kilikuwa kimeungua."